Maswali ya Wasomaji: Redio inasema sita, sisi tumewaona kumi na wanne

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: vipimo na takwimu wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, tumebakiza kazi ya mwandishi na mahali alipo.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa zahanati mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wiki iliyopita tulipokea watu kumi na wanne wanaoharisha maji kama maji ya mchele. Jioni redio ikatangaza kuwa wagonjwa wa kipindupindu wilayani ni sita. Ndugu za wagonjwa wananijia juu kwamba tunaficha. Niwajibu nini?
*Muuguzi, Kigoma*

Waambie kwamba wewe na redio mmesema kweli, ila mmehesabu vitu viwili tofauti. Kumi na wanne wako ni wahisiwa. Sita wa redio ni waliothibitishwa na maabara. Kosa la tangazo ni kutaja sita peke yake, bila kusema wamepatikana katika watu wangapi waliopimwa. Sita kati ya saba ni moto unaowaka. Sita kati ya sitini ni habari nyingine kabisa. Tangazo lililo kamili hubeba namba tatu: wahisiwa, waliopimwa, waliothibitika.

Kuna jambo la pili ambalo wananchi hawaelezwi. Kabla mlipuko haujathibitishwa, mhisiwa wa kipindupindu ni mtu wa miaka 2 au zaidi aliyeanza kuharisha maji ghafla na kuishiwa maji vibaya mwilini, au aliyekufa kwa kuharisha huko. Mlipuko ukishathibitishwa, kigezo hulegezwa: yeyote anayeharisha maji, yaani choo cha majimaji kisicho na damu mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, anaandikwa. Kwa hiyo idadi ya wahisiwa huruka siku ileile mlipuko unapotangazwa, hata kama mdudu hajasogea hatua moja. Andika kwenye daftari lako tarehe mliyobadilisha kigezo, la sivyo anayesoma takwimu hizo miezi sita baadaye atadanganyika.

Na si kila mgonjwa hupimwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufuatiliaji wa kipindupindu unataka hivi: kabla ya uthibitisho, kila mhisiwa apimwe kwa kipimo cha haraka. Baada ya uthibitisho, kila kituo kipime wahisiwa 3 wa kwanza wa kila siku, na kila eneo la ufuatiliaji, kwa kawaida wilaya, lipeleke maabara sampuli 3 kwa wiki kati ya zilizoonesha chanya, zikaoteshwe au zipimwe kwa PCR, kipimo kinachotafuta jeni za mdudu. Utaratibu huu una maana, kwa sababu lengo ni kujua kama mdudu bado yupo na dawa gani bado zinamuua, wala matibabu hayasubiri majibu. Lakini hapo unaona kwamba idadi ya waliothibitishwa ina kikomo kilichowekwa na utaratibu wenyewe. Ukisikia "waliothibitika hawajaongezeka," uliza kwanza kama sampuli zilizopelekwa ziliongezeka.

Sasa sampuli yenyewe, maana hapa ndipo zahanati nyingi hupoteza majibu. Chukua choo kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. ORS usiicheleweshe hata dakika moja kwa ajili ya sampuli. Choo kikingwe kwenye chombo safi kisicho na klorini: ndoo ya kitanda cha kipindupindu ikisuuzwa kwa klorini na kubaki na matone, yale matone huua bakteria, na maabara itakuletea jibu hasi kwa mgonjwa mwenye kipindupindu. Chovya kijiti cha pamba kwenye choo, kizamishe chote ndani ya chupa ya Cary-Blair (rojo ya kusafirishia sampuli), vunja mpini uliobaki nje, funga, andika lebo. Halafu usiweke kwenye friji. Tumezoea kwamba sampuli nzuri ni sampuli ya baridi, lakini bakteria wa kipindupindu hudhoofishwa na baridi. Ndani ya Cary-Blair, kwenye joto la kawaida na mbali na jua, anavumilia siku nyingi. Choo kitupu kisicho na Cary-Blair kinatakiwa kifike maabara ndani ya saa 2. Kama hata Cary-Blair hakuna, lowesha kipande cha karatasi ya kuchujia kwenye choo, kitie kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko, dondoshea matone 2 au 3 ya maji ya chumvi ya hospitali kisikauke. Hicho kitafaa kwa PCR.

Ni kiangazi, hatuna mlipuko. Mtoto mmoja alipimwa kwa kipimo cha haraka akaonekana ana kipindupindu. Mganga mkuu anasema tusubiri, diwani anasema tutangaze. Nani yuko sahihi?
*Ofisa afya wa kata, Morogoro*

Mganga mkuu, lakini kwa sharti kwamba kusubiri kwake kuwe na kazi ndani yake.

Tuchukue kipimo cha kufikirika kinachowagundua 90 katika kila wagonjwa 100, na kinachowaachia huru 90 katika kila wasio wagonjwa 100. Kiangazi, katika watu 200 wanaoharisha, tuseme wenye kipindupindu kweli ni 2. Kipimo kitawakamata wote 2, lakini pia kitawasingizia kama 20 kati ya wale 198. Mna chanya 22, za kweli 2. Chukua kipimo kilekile katikati ya mlipuko, wagonjwa wa kweli wakiwa 120 kati ya 200: kitawakamata 108 na kuwasingizia 8 tu. Kipimo ni kilekile, kilichogeuka ni hali ya mahali kinapotumika. Ndiyo maana chanya moja ya kiangazi ni taarifa ya kukukimbiza, na bado si uthibitisho.

Kazi ya kusubiri ni hii: leo hii mjulishe mratibu wa ufuatiliaji wa wilaya, sampuli ya mtoto iende maabara kuoteshwa, wapimeni wahisiwa wote wanaofuata bila kuchagua, na nendeni nyumbani kwa mtoto mkaulize maji wanachota wapi na nani mwingine ameharisha. Tena soma kipimo kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa vingi ni dakika 15 hadi 20. Mstari hafifu uliotokea kipimo kikiwa kimesahaulika mezani kwa saa nzima hauhesabiwi.

Jambo sana wahariri. Ninafanya kazi katika maabara ya zoni ya afya moja huku Kivu ya Kusini. Tunaletewa wagonjwa wa mpox (homa ya nyani) ambao kwa macho hawana shaka, vipele viganjani na sehemu za siri, lakini majibu yanatoka hasi. Waganga wameanza kutudharau. Kosa liko wapi?
*Mtaalamu wa maabara, Kivu ya Kusini*

Ndugu yetu, kosa linaweza kuwa katika mahali panne, na upachunguze kwa mfuatano huu.

La kwanza ni kile kilicholetwa. Damu haifai kuwa sampuli kuu ya mpox, kwa sababu kirusi hukaa kwenye damu kwa muda mfupi. Kinachotakiwa ni kijiti kilichosuguliwa kwa nguvu juu ya kipele chenyewe, au maji yake, au gamba lake, kutoka vipele viwili au zaidi. Watu wengi hugusa tu kwa kumwonea mgonjwa huruma. Huruma hiyo inampotezea mgonjwa jibu, maana kijiti kinarudi na jasho.

La pili ni safari. Sampuli iingie kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 ndani ya saa moja tangu kuchukuliwa, au igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Safari ikipita siku 7, ni kugandisha tu. (Kumbuka tofauti: sampuli ya kipindupindu haitaki baridi, ya mpox haiishi bila baridi. Zote zikibebwa na boda boda mmoja kwenye boksi moja, mojawapo itaharibika.)

La tatu linahusu kirusi chenyewe, na huko kwenu ndiko lilikoonekana. Aina iliyoanza kuenea Kamituga tangu Septemba 2023, inayoitwa klade Ib (klade ni tawi la ukoo wa kirusi), imepoteza kipande cha jeni ambacho PCR iliyokuwa ikitumika sana kutambua klade I ilikuwa inakitafuta. Kirusi kipo kwenye kichupa, lakini alama iliyokuwa ikimtambulisha imefutika, na mashine inasema hakuna kitu. Dawa yake ni kutumia kwanza kipimo kinachotafuta mpox kwa jumla, au kundi zima la virusi vya jamii yake, kisha ndipo utafute klade kwa kipimo kilichorekebishwa kwa ajili ya Ib. Kama bado mnaanza na kile cha klade I peke yake, acheni leo.

La nne ni kusoma jibu. Katriji ya mpox ya GeneXpert, mashine ndogo ya PCR, ina majibu mawili ndani yake: moja ni la virusi vya jamii hiyo kwa jumla, ndui ikiwa imetolewa, na la pili ni la klade II. Kwa mgonjwa wa klade I, mashine itaonesha la kwanza limeonekana na la pili halikuonekana. Fundi mwenye haraka husoma mstari wa mwisho, anaandika "hasi." Hilo ni jibu chanya. Bandikeni karatasi ukutani juu ya mashine: *jamii ipo, klade II haipo = andika chanya, tuma ikathibitishwe klade.*

Baada ya yote hayo, hasi za kweli zitabaki. Tetekuwanga, kaswende, surua na upele vinaweza kumdanganya hata mganga mzoefu, na mtu anaweza kuwa na tetekuwanga na mpox kwa pamoja. Jibu hasi maana yake ni kwamba kile mlichokitafuta hakikuonekana, basi. Mfano mkubwa ni katriji ya Ebola ya GeneXpert, inayotambua aina ya Zaire tu. Uganda ilipopata mlipuko wa Ebola mwaka 2022, aina ilikuwa Sudan, na anayeitegemea katriji ile peke yake angewaruhusu wagonjwa kurudi nyumbani.

Kuhusu dharau ya waganga: wapelekeeni orodha ya sampuli zilizokataliwa na sababu ya kila moja. Na tuseme waziwazi kwamba mzigo huu si wa maabara yenu peke yake. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti, chini ya nusu ya wahisiwa wa Kongo walikuwa wamepimwa. Waliobaki waliingia kwenye takwimu kwa macho ya mganga tu. Mashine za PCR zilikuwa mbali, barabara mbovu, na ilipofika mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma na wagonjwa wakakimbia vituo vya matibabu. Kituo ambacho kilikuwa kimeandika namba ya simu ya ndugu na jina la kiongozi wa mtaa kilikuwa na pa kuanzia kuwatafuta. Kilichoandika "Goma" tu hakikuwa napo.

Mimi ni karani wa takwimu. Nimekabidhiwa orodha ya wagonjwa kwenye Excel yenye mistari mia nne na zaidi, imejazwa na watu sita. Kila nikihesabu napata jumla tofauti. Nisaidieni.
*Karani, Pwani ya Kenya*

Usihesabu tena. Kwanza tengeneza nakala, ifungie, usiiguse. Kisha anza na tarehe, maana huko ndiko kwenye uozo mwingi.

Tazama safu ya tarehe. Excel huegemeza tarehe halisi upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi upande wa kushoto. Ukiona nyingine ziko kulia na nyingine kushoto, kompyuta mojawapo ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele. Aliyeandika 03/04 akimaanisha tarehe 3 Aprili aligeuziwa ikawa 4 Machi bila kujua, na aliyeandika 25/04 akaachiwa maandishi matupu kwa kuwa mwezi wa 25 haupo. Yaani zile zinazoonekana mbovu ndizo salama, na zile zinazoonekana nzuri ndizo za kutilia shaka. Rudi kwenye fomu za karatasi, usahihishe zote ambazo siku yake ni 1 hadi 12. Kuanzia leo andikeni 2025-04-03, mwaka, mwezi, siku, na safu ifungwe isikubali kitu kingine. Vilevile namba za simu: Excel hula sifuri ya mwanzo, 0712 ikawa 712. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kujaza.

Tarehe zenyewe ziwe safu tano zinazojitegemea: siku dalili zilipoanza, siku mgonjwa alipofika kituoni, siku sampuli ilipochukuliwa, siku ilipopokelewa maabara, siku jibu lilipotoka. Ukilazimishwa kubakiza moja, bakiza ya kwanza. Ndiyo inayosema mtu aliambukizwa lini na alikuwa wapi siku hizo, na ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, kwa sababu inahitaji kuuliza: "Mama, hii ilianza kabla ya Ijumaa au baada ya swala ya Ijumaa?" Mtu hakumbuki tarehe, anakumbuka soko, msiba, mechi.

Pili, namba ya mgonjwa. Kila mtu apewe namba moja pale anapoonwa mara ya kwanza, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye fomu, kwenye chupa ya sampuli, kwenye rejista ya maabara na kwenye orodha yako. Mfumo wa ufuatiliaji unaotumika Afrika unaijenga hivi: nchi, mkoa, wilaya, mwaka, kisha namba ya mgonjwa kwa mfuatano. Bila namba hiyo unaunganisha kwa majina, na majina ya Pwani unayajua: Mohamed, Muhammad, Mohammed, Mwanaisha na Mwana Isha. Kwa hizo mia nne zako, panga kwa mtaa, kisha jinsia, kisha umri, kisha siku dalili zilipoanza. Wanaofanana katika vyote vinne, soma majina yao kwa sauti. Sikio hutambua kile ambacho jicho limekipita. Ukimpata aliyeandikwa mara mbili usimfute. Ongeza safu, andika "amejirudia, tazama namba fulani." Kuna siku utagundua walikuwa pacha.

Tatu, kisanduku kitupu. Mtu aliyeacha kisanduku cha "alifariki" wazi alimaanisha hapana, sijui, au sijauliza? Weka majibu matatu tu ya kuchagua: ndiyo, hapana, haijulikani. Hali ni hiyohiyo kwa vituo. Zahanati iliyotuma sifuri imefanya kazi yake: iliangalia, haikuona mgonjwa. Zahanati iliyokaa kimya hatujui. Tuseme wiki jana vituo vyote 40 vilileta taarifa, wagonjwa wakawa 60. Wiki hii wagonjwa ni 45, ofisini watu wanapongezana. Kumbe vituo vilivyoleta ni 28. Gawanya: 60 kwa 40 ni mgonjwa 1.5 kwa kituo, na 45 kwa 28 ni 1.6. Ugonjwa haujashuka hata kidogo, kilichoshuka ni taarifa. Kila jedwali lako liwe na mstari wa juu kabisa unaosema vituo vingapi kati ya vingapi vimeleta taarifa.

Nne, mchoro. Chora kwa siku dalili zilipoanza, usichore kwa siku jibu lilipofika. Maabara ikikosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, wiki mbili kisha ikapata, majibu 80 yatatoka siku moja, na mchoro wako utaonesha mlipuko wa kutisha siku ambayo hapakuwa na lolote ila gari la vitendanishi limefika. Na siku za mwisho za mchoro zitashuka kila mara, kwa sababu walioanza kuumwa juzi bado hawajafika kituoni. Pima kwenye orodha yako ucheleweshaji wa kawaida ni siku ngapi. Kama ni 5, zipake siku 5 za mwisho rangi ya kijivu na uandike "hazijakamilika." Tunakuomba usimruhusu mtu yeyote kukuondolea rangi hiyo kwa ajili ya mkutano na waandishi wa habari.

Mwisho, kila asubuhi linganisha orodha mbili, yako na ya maabara. Walioko maabara ambao kwako hawapo, tafuta fomu zao. Walioko kwako ambao wana zaidi ya saa 72 bila jibu, piga simu. Hapo ndipo sampuli zilizosahaulika kwenye friji hupatikana.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wanafunzi bado wananiuliza habari za papai la 2020. Je, kweli kipimo cha PCR kinaweza kulikuta papai na korona?
*Mwalimu wa sekondari, Dodoma*

Kwa wasiokumbuka: tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa binadamu, na baadhi zikarudi chanya. Kiongozi wa maabara alisimamishwa kazi.

Wafundishe hivi. Vipimo vingi vya korona vya PCR hutafuta vitu viwili kwa wakati mmoja: jeni za kirusi, na jeni moja ya binadamu, ambayo mara nyingi ni ile iitwayo RNase P. Hii ya pili ni shahidi kwamba kijiti kiligusa pua ya mtu kweli. Papai halina jeni hiyo, kwa hiyo kwa vipimo hivyo sampuli yake ilistahili kutoka bila shahidi, na kuzua swali hata kabla ya kufika kwenye chanya au hasi. Kuna vipimo vingine ambavyo shahidi hutiwa na fundi mwenyewe, navyo havitagundua kwamba aliyepimwa ni tunda.

Chanya pasipo kirusi hutokea, na sababu kubwa inajulikana: uchafuzi. PCR huzidisha kipande kimoja kuwa mabilioni, na kichupa kikifunguliwa baada ya kuzidishwa, ukungu wake hukaa mezani, kwenye glovu, kwenye pipeti, ukaingia kwenye sampuli za kesho. Ndiyo maana maabara hutenga vyumba: cha kuchanganya vitendanishi, cha kutoa jeni, cha kuzidisha, na mtu hatoki cha mwisho kurudi cha kwanza na koti lilelile. Ndiyo maana kila mzunguko wa upimaji huwekewa kichupa cha maji matupu. Maji yakitoka chanya, mzunguko mzima unatupwa. Na ndiyo maana mwanzoni mwa janga WHO ilizitaka maabara mpya zipeleke sampuli 5 za kwanza zilizo chanya na 10 za kwanza zilizo hasi kwenye maabara nyingine zikahakikiwe.

Kuijaribu maabara kwa sampuli za siri ni jambo jema, hufanywa duniani kote. Mtihani ukifeli, maabara husimamisha mzunguko, husafisha, hurudia sampuli zilizotunzwa, na hutoa takwimu zilizosahihishwa pamoja na maelezo. Kwetu kilichofuata ni ukimya: takwimu za mwisho zilibaki wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozitaja hadharani Juni 2021. Kipimo chenye kasoro hurekebishika. Lakini bila namba kabisa, daktari anayetaka kujua aagize mitungi mingapi ya oksijeni hana pa kuanzia.

Kwa nini asilimia ya vifo hubadilika kila inapotangazwa?
*Msomaji, Mwanza*

Kwa sababu ya wale waliokufa kabla ya kupimwa. Mlipuko wa Ebola wa Uganda wa 2022 uliisha ukiwa na waliothibitishwa 142, kati yao waliokufa 55: asilimia 39. Lakini kulikuwa na wengine 22 ambao historia zao ziliwaunganisha na wagonjwa, wakafa na kuzikwa bila sampuli. Waingize, inakuwa vifo 77 katika watu 164: asilimia 47. Namba zote mbili ni halali, mradi ielezwe ni ipi.

Biharamulo, Kagera, hali ilikuwa ngumu zaidi. Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025 ulihesabiwa kuwa na watu 10, wote walikufa, na waliothibitishwa na maabara walikuwa 2 tu. Wa kwanza walianza kuumwa Desemba 2024. Shabaha inayotumika sasa inaitwa 7-1-7: siku 7 kuugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Pengo kati ya Desemba na tarehe 20 Januari ndilo la kujadiliwa, kuliko asilimia.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakianza kufa kwa ugonjwa tusioujua, niandike nini, na niandike majina?
*Mwenyekiti, Mkoa wa Kagera*

Andika, Mwenyekiti, kwenye daftari la karatasi linalokaa kwako. Kwa kila mmoja: umri, jinsia, kaya, siku alipoanza kuumwa, dalili tatu kubwa, siku aliyofariki kama alifariki, nani alimuuguza na nani aliosha maiti, na alikuwa amesafiri wapi au kuzika wapi katika wiki tatu zilizotangulia. Jina liandike, maana timu ya wilaya italihitaji kuwafikia ndugu, lakini usilitume kwenye kundi la WhatsApp wala kulisoma mkutanoni. Familia ikiumbuliwa mara moja, nyumba kumi zinazofuata zitaficha wagonjwa wao.

Usisubiri wafike idadi fulani. Vifo viwili vya ghafla vinavyofanana katika kaya moja vinatosha kupiga 199, ambayo Tanzania ni bure, na kumjulisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii siku hiyohiyo. Kama marehemu hajazikwa, sema hivyo mwanzoni kabisa mwa simu, kwa sababu kijiti kinachopitishwa mdomoni mwa maiti na watu wenye mavazi ya kinga kinaweza kutoa jibu, na baada ya kuzika nafasi hiyo imekwenda.

Timu ikija ikachukua sampuli, waombe wakuandikie namba ya sampuli na tarehe ilipoondoka. Siku ya tatu bila jibu, pigia wilaya uulize kwa namba hiyo.